Kware Wachache Dar: Sebuleni au Uani?

Nimefuga kware ndani, kwenye vyumba viwili vya kupanga Tabata, kwa zaidi ya mwaka. Tulipohamia Kinyerezi nikawatoa nje, uani, na huko ndiko waliko hadi leo. Muda wote huo hawajawahi kuzidi saba. Kwa hiyo anayetafuta hesabu za kware mia tano na trei za kupeleka hotelini, hapa atakosa. Mbio hizo tuliziona kwa majirani zetu Kenya mwaka 2013 na 2014: mayai yakauzwa kama dawa ya kila ugonjwa, kisha bei ikaporomoka, watu wakabaki na mabanda matupu. Mimi naongelea wale wanne, watano, sita wa nyumbani, wa kuangaliwa na watoto na kuokotewa yai asubuhi.

Swali ninaloulizwa ni lile lile kila mara: niwaweke ndani au nje? Kwa nilivyoona, ndani unalipa kila siku, kwa ufagio na kwa pua yako. Nje unalipa mara moja, ama kwa fundi ama kwa panya. Sasa angalia wewe ni mtu wa malipo yapi.

Umjue kwanza ndege mwenyewe

Kware wa kufugwa wanaouzwa mjini ni wale wa Kijapani. Mkubwa ana gramu 120 hadi 200 hivi, jike mzito kuliko dume, na ukimshika anaenea kiganjani. Dume kifua chake ni cha rangi ya kutu, hakina doa. Jike kifua kimepauka na kimejaa madoa meusi. Huanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane, na yai lake lina gramu 10 hadi 12, kwa hiyo mayai matano ndiyo yanakaribia yai moja la kuku.

Ana tabia tatu ambazo ukizisahau utajenga vibaya, iwe ndani iwe nje. Halali juu ya kijiti kama kuku. Analala chini, amejibanza kwenye kona au ameegemea ukuta. Akishtuka hakimbilii pembeni, anaruka juu wima kama kizibo cha soda. Na akitoroka harudi. Kuku jioni anajirudia bandani mwenyewe, lakini kware akishavuka ukuta wa jirani ndiyo mmeagana.

Hiyo ya kuruka ndiyo inayoamua urefu wa tundu. Dari iwe chini sana, chini ya sentimita 30, asipate nafasi ya kuchukua kasi. Au iwe juu, kimo cha mtu, nguvu zimwishie kabla hajafika. Kibaya ni cha katikati, nusu mita hadi mita moja, na bahati mbaya ndicho mafundi wanachokipenda maana kinapendeza macho. Wangu mmoja alijichuna utosi mpaka nyama ikaonekana. Siku hizi kila dari ya tundu langu nabandika sponji ya godoro chakavu iliyofunikwa kitambaa.

Nafasi ya chini isipungue mraba wa sentimita 30 kwa 30 kwa kila ndege. Mimi natoa mara mbili ya hiyo. Wakibanana wanadonoana, na kuanza kwake huwa ni manyoya ya mgongoni.

Usiku wa nje

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo vumilia nikiongea sana.

Banda langu la kwanza la uani nililifunga waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, upana inchi moja. Fundi alinihakikishia: "Kaka, hapo hata paka haingii." Na kweli, paka hakuingia. Wiki ya tatu niliamka nikamkuta jike mmoja amesimama kwenye kona kwa mguu mmoja. Mguu wa pili haukuwepo kuanzia gotini. Kwenye waya, upande wa nje, kulikuwa na manyoya matatu madogo yameganda damu. Panya hakuhitaji kuingia. Kware alikuwa amelala ameegemea waya, kama kawaida yao, yeye akapitisha mdomo akavuta.

Niliokoa wale wanne waliobaki kwa kuwarudisha ndani, kwenye boksi, jikoni, kwa siku tisa, wakati banda linafumuliwa. Hivi ndivyo lilivyo sasa. Waya ni ule wa kuchomelea, wa matundu ya mraba ya nusu inchi, pande zote na juu. Sentimita 30 za chini nimeziba kwa bati, ili ndege akiegemea aegemee kitu kizima. Chini nimemwaga zege jembamba, halafu juu yake mchanga. Kama huna hela ya zege, tandaza waya huo huo kwa nje, ulale ardhini kuzunguka banda kwa upana wa sentimita 30, ufukie kidogo. Panya huanza kuchimba pale pale ukutani. Akikutana na waya hana akili ya kurudi nyuma aanzie mbali. Mlango una komeo mbili. Na chakula kinatolewa jioni, maana punje zilizobaki ndizo zinazomwita panya buku, kware anamkuta tu kama kitoweo cha ziada.

Panya ni mmoja tu kwenye orodha. Kuna paka wa mtaani. Kuna nguchiro kwa sisi wa pembezoni, Kinyerezi, Goba, Kigamboni ya ndani. Kuna nyoka, ambaye tundu la inchi moja kwake ni lango kuu. Kuna siafu msimu wa mvua, wanaoweza kummaliza ndege aliyefungiwa asiye na pa kukimbilia. Banda la miguu dawa yake ni kuweka kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu.

Halafu kuna kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, leo Dar nzima ni yao. Kware mkubwa ndani ya waya wa nusu inchi hawamuwezi, ila yai lililo karibu na waya mpana watalitoa, kifaranga pia, na wakitua juu ya banda asubuhi ndege wote wanaruka kwa pamoja. Ile sponji ya darini utaishukuru hapo.

Ndani, karibu yote haya yanafutika. Unabaki na paka wako mwenyewe, na panya wa nyumbani kama nyumba ni kuukuu. Kwa mtu asiye na hela ya waya mzuri, hoja hii peke yake inatosha kumaliza mjadala. Waya mbaya nje ni mbaya kuliko kutokuwa na kware kabisa.

Joto na mvua

Kware mkubwa hahitaji kupashwa joto Dar. Mwenye kuhitaji taa ya joto ni kifaranga, nyuzi 35 hadi 37 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kidogo kidogo mpaka manyoya yajae. Shida ya mkubwa ni kinyume chake. Januari hadi Machi, Kaskazi ikivuma na jasho halikauki, joto la mchana linapita nyuzi 32. Ndege hatoki jasho. Anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, maji yanafuka kutoka kooni na kwenye mapafu. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, kuhema huko hakumsaidii sana. Ukimwona amefungua mdomo, ameachanisha mbawa na mwili, usisubiri jioni.

Nje, kivuli cha mti kinashinda paa lolote. Banda langu liko chini ya mwembe, na tofauti unaisikia kwa mkono ukishika bati. Bati lisilo na kivuli saa nane mchana ni kikaango. Ndani unategemea feni, na feni inategemea umeme. Ukikatika kwenye chumba chenye dirisha moja, ndege na wewe mnahema pamoja. Kwa pande zote mbili naweka chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa kwenye kitambaa, kwenye kona moja ya tundu. Mwenye joto atakwenda mwenyewe kuilalia.

Masika ni kesi nyingine. Machi hadi Mei, nje, si baridi inayowaua, ni unyevu. Maranda yakilowa na kinyesi kikaanza kuchacha, amonia inapanda, macho yanatoa machozi, mafua yanaanza. Paa litokeze mbele vya kutosha, na upande mvua inakopigia uwe na turubai la kushusha. Mbu nao wanaongezeka, na mbu ndiye anayesambaza ndui ya ndege. Kwa wenye kuku: msiwachanganye, wala msiwaweke kuku juu na kware chini. Kuku anaweza kubeba mafua akiwa mzima machoni, kware akayapata.

Taa ya sebuleni

Hili sikulitegemea kabisa. Tabata, majike watano walikuwa wananipa mayai manne, matano, karibu kila siku. Nikajiona bingwa wa lishe. Tukahamia, wakaenda nje, chakula kile kile, mayai yakashuka hadi mawili. Nikaenda kumlalamikia muuza chakula kwamba amechakachua. Masikini, hakuwa na kosa.

Kware jike hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Dar tuko karibu na ikweta. Mchana wetu una saa 11 na dakika 40 hivi mwezi Juni, na saa 12 na nusu Desemba. Hautoshi mwaka mzima. Kule Tabata tundu lilikuwa sebuleni, taa inawashwa magharibi, taarifa ya habari saa mbili, baada yake tamthilia, tunalala saa nne na nusu. Kumbe waliokuwa wanatagisha ni sisi na televisheni yetu.

Nje sasa nimewawekea taa ndogo ya wati 5, inawaka saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. LUKU haijui hata kama ipo. Ila miezi michache kwa mwaka naizima makusudi, wapumzike, maana hawa ni ndege wa nyumbani na hakuna mkopo wa kurejesha. Jike anayetaga mfululizo anahitaji pia madini ya chokaa ya kutosha. Maganda ya chaza yaliyosagwa yanapatikana duka la vyakula vya mifugo.

Kama unaweka ndani, kinyume chake ndicho cha kuangalia: wapate giza la kweli. Familia inayolala saa saba usiku iwafunike kwa shuka kuanzia saa nne.

Harufu, vumbi na mama mwenye nyumba

Mwezi wa pili wa Tabata, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, akanusa, akaniuliza kwa upole unaoumiza: "Mwanangu, hii harufu ni ya chooni au ni ya kwako?"

Kware ni mdogo, lakini kwa ukubwa wake anakunya kama ana deni. Ndani, trei ya chini inabadilishwa kila siku. Ukiruka siku moja, wewe huisikii, mgeni anaisikia. Ukiruka tatu, unaisikia hata wewe. Kilichonisaidia ni maranda makavu kwa unene wa vidole vinne badala ya magazeti, na kuhakikisha chombo cha maji hakimwagiki, kwa sababu harufu haitokani na kinyesi kikavu bali kilicholowa.

Vumbi ndilo lenye ubishi. Manyoya yao hutoa unga mweupe unaokaa juu ya televisheni, juu ya kabati, kwenye feni. Kama ndani ya nyumba kuna mwenye pumu, mimi ningesema nje, tusibishane. Tundu lisikae jikoni wala karibu na meza ya chakula, na watoto wakishika ndege au yai wanawe kwa sabuni. Salmonela haionekani kwa macho. Zile siku tisa za boksi jikoni zilikuwa dharura, na sikuzipenda.

Nje, haya yote yanakuwa kazi ya Jumamosi. Unakwangua mchanga wa juu, unamwaga kwenye mchicha, umemaliza.

Moshi, jambo la ndani ambalo hakuna anayelisema

Mapafu ya ndege yameunganishwa na mifuko ya hewa, na kitu kibaya kikiwa hewani kinamwingia haraka kuliko kwetu. Sasa fikiria sebule ya Dar siku ya kawaida: udi unafukizwa kabla wageni hawajafika, dawa ya mbu inapulizwa magharibi, jiko la mkaa liko koridoni kwa sababu gesi imeisha. Kuna na kile kikaango kisichogandisha chakula: kikisahaulika motoni kitupu mpaka kikapitiliza joto, mvuke wake unaweza kuua ndege waliomo ndani ya nyumba. Mtu anayependa udi, na sina ugomvi naye, awape kware wake chumba kingine chenye dirisha, au awatoe nje.

Sauti

Ndani chukua majike watupu. Basi. Jike ananong'ona tu, kama maji yanayochemka polepole. Dume anawika kwa sauti ya kukwaruza, na taa ikiwaka usiku ataendelea. Wajapani inasemekana walianza kuwafuga karne nyingi nyuma kwa ajili ya sauti hiyo hiyo ya dume, kabla ya mayai, na mimi nawaheshimu lakini nyumba zao hazikuwa vyumba viwili vya Tabata vyenye ukuta mmoja na jirani wa zamu ya usiku. Yai la kula halihitaji dume. Nje, dume mmoja kwa majike wanne au watano ni sawa; watatu kwa majike wawili ni fujo, majike wanachunwa vichwa.

Kuoga mchanga

Mpe kware beseni la mchanga mkavu na utamwona anavyobadilika. Anaingia, anakwaruza mara mbili, anajilaza ubavu, anaanza kujirushia mchanga chini ya mbawa, jicho moja limefumba. Nje mchanga tunao bure, ardhi yetu yenyewe ndiyo hiyo, na jua linaukausha na kupunguza utitiri. Ndani wanaoga pia, lakini nusu ya beseni utaikuta chini ya kochi. Mimi nilitumia ndoo ya rangi ya lita 20 iliyolazwa ubavu, mdomo nikauziba nusu kwa kifuniko kilichokatwa. Ilipunguza, haikumaliza.

Hela

Ndani ni rahisi kuanza: tundu la chini la mbao, sponji, trei, maranda. Chakula ni gramu 20 hadi 30 kwa ndege kwa siku popote atakapokuwa, na wanahitaji protini nyingi kuliko kuku, hivyo wadogo wanakula cha vifaranga wa nyama. Nje, mbao na bati sikuziona sana; waya wa nusu inchi ndio ulionila. Fundi akikushauri uchanganye, mzuri mbele na wa kuku nyuma "pasipoonekana", mkumbushe kwamba panya ndiye anayeishi nyuma pasipoonekana.

Ningekuwa wewe

Umepanga, huna uani wako, unataka wanne: ndani, majike watupu, mbali na jiko, na kubaliana na nafsi yako kuhusu trei ya kila asubuhi kabla hujawanunua. Una uani wenye ukuta, kivuli cha mti, na hela ya waya wa kweli: nje, bila kusita. Wanapata jua na mchanga, nyumba inabaki nyumba. Una uani lakini hela ya waya bado: subiri, au anzia ndani.

Na wengi Dar wana kitu cha tatu wasichokihesabu: kibaraza chenye grili, au roshani ya ghorofani. Paa lipo, sakafu ya saruji ipo, upepo unapita, moshi wa udi haufiki. Unafunga waya wa nusu inchi juu ya grili, unaweka turubai upande wa mvua, na mwanga wa sebuleni unapenya dirishani bure. Ningekuwa na kibaraza Tabata, mama mwenye nyumba asingeniuliza lile swali.

Ukiamua kuwahamisha kutoka ndani kwenda nje, fanya Juni au Julai, Kusi inapovuma na joto limeshuka. Usiwatoe Februari, wala katikati ya masika. Siku tatu za kwanza watoe mchana na kuwarudisha usiku, na usiku wa kwanza watakaolala huko nenda na tochi saa tano, uzunguke banda lote kwa miguu, uangalie kwa chini.